Mapunye ya mtoto na vidonge vya griseofulvini: jinsi ya kumpa, na madhara ya kuangalia

Mapunye hayaponi kwa krimu. Naanza na hilo kwa sababu wazazi wengi wanaofika kwenye dirisha letu la dawa na cheti cha griseofulvini wameshamaliza tyubu mbili tatu za kupaka, na kichwa cha mtoto bado kina mabaka. Fangasi wa mapunye hawakai juu ya ngozi tu. Wanaingia ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, na huko krimu haifiki. Ndiyo maana daktari anaandika vidonge, na ndiyo maana vidonge vyenyewe ni vya wiki nyingi.

Dawa hii ni ya zamani. Ilipatikana London mwaka 1939 kutokana na ukungu wa jamii ya Penicillium, ikakaa karibu miaka 20 bila kutumika kwa binadamu, mpaka mwaka 1958 mtafiti J. C. Gentles wa Glasgow alipoonyesha kwamba simbilisi wenye choa wakiila, wanapona. Kabla ya hapo, katika nchi nyingi watoto wenye mapunye walipigwa eksirei kichwani ili nywele zote zing'oke, na wengine walikuja kuugua saratani ukubwani kwa ajili ya ile mionzi. Kwa hiyo ukisikia mtu anaidharau griseofulvini kwamba imepitwa na wakati, jua kwamba bado imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa mapunye ya watoto bado inaandikwa kila siku.

Kinachoiangusha mara nyingi si dawa. Ni namna inavyomezwa, na haraka ya kuiacha.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mapunye kweli

Mkalishe mtoto kwenye mwanga wa mchana, mtenganishe nywele kwa vidole. Mapunye huwa na baka lenye magamba ya kijivu au meupe, nywele zimekatikia karibu na ngozi, na mara nyingine vinabaki vidoa vyeusi tu pale unywele ulipokatikia. Pitisha vidole kisogoni na nyuma ya masikio. Tezi zilizovimba hapo ni dalili inayoongeza uzito. Baka laini kabisa, lisilo na magamba wala kuwasha, huenda ni ugonjwa mwingine wa kupoteza nywele ambao griseofulvini haitausaidia. Kituo chenye maabara kinaweza kukwangua magamba kidogo, kuyaweka kwenye dawa ya potasiamu na kuyaangalia kwa hadubini. Ni kipimo cha muda mfupi, kiombe kama kipo.

Kuna sura moja inayowadanganya hata wahudumu: uvimbe laini, wenye maumivu na usaha, unaofanana na jipu. Huo unaitwa kerioni, nao ni mwili wa mtoto unavyopambana kwa nguvu na fangasi. Usikubali upasuliwe kama jipu, na usishangae dawa za kuua bakteria zikishindwa. Tiba yake ni hiyohiyo ya fangasi, ila mwone daktari mapema, kwa sababu ukiachwa unaweza kuacha kovu na nywele zisiote tena mahali pale.

Jambo jingine la kujua kabla ya kutoa hela: griseofulvini inafanya kazi kwa fangasi wa nywele, ngozi na kucha wa kundi la choa tu. Haigusi utando mweupe wa mdomoni, haigusi fangasi wa ukeni, na haigusi yale mabaka mepesi ya kifuani na mgongoni ambayo wengi tunayaita tangotango au mba. Anayemeza griseofulvini kwa ajili ya hayo anapata madhara bila faida.

Hatua ya 2: Mwambie daktari haya kabla ya kidonge cha kwanza

Hii ni dawa ya cheti, hata kama kuna maduka yanayoiuza bila kuuliza. Wapo wasiotakiwa kuimeza kabisa:

- mjamzito, au anayetarajia kubeba mimba karibuni
- mwenye ugonjwa mkubwa wa ini
- mwenye porifiria, ugonjwa wa kurithi unaohusu utengenezaji wa damu
- mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, maana dawa inaweza kuuchochea

Mama anayenyonyesha aseme mapema ili apewe dawa nyingine. Mtoto wa chini ya miaka 2 asianzishiwe kwa ushauri wa dukani, daktari ndiye aamue. Mtoto mwenye ualbino pia atajwe wazi, kwa sababu dawa hii inaongeza ukali wa jua kwenye ngozi, na ngozi yake haina akiba ya kupoteza.

Halafu taja kila dawa nyingine iliyomo ndani ya nyumba. Mtoto wa kifafa anayetumia fenobabitoni huwa hapati kiwango cha kutosha cha griseofulvini mwilini, kwa hiyo daktari atabadilisha mpango. Mtu mzima anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anahitaji kupimwa damu mara kwa mara maana nguvu ya warfarini hushuka. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hupungua nguvu. Dada au mama anayetibiwa mapunye aongeze kondomu muda wote wa tiba na mwezi mmoja baada yake, na kama anatumia njia nyingine yenye homoni amuulize mtoa huduma.

Wanaume husahaulika hapa. Mwanamume anayemeza griseofulvini hatakiwi kutungisha mimba wakati wa tiba na kwa miezi 6 baada ya kumaliza. Sijawahi kuona mteja akiambiwa hili bila kuuliza, nami naona ni uzembe wetu sisi wa upande huu wa dirisha.

Aliyewahi kudhurika na penisilini ataje pia. Kwa kuwa dawa hizi mbili zina asili ya ukungu wa jamii moja, tahadhari huandikwa kwenye karatasi ya maelezo, ingawa wengi wenye mzio wa penisilini wameitumia griseofulvini bila shida.

Hatua ya 3: Dozi hufuata uzito, si umri

Mtoto apimwe kilo siku hiyohiyo. Kiwango cha kawaida kwa watoto ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo, kwa siku. Mtoto wa kilo 15 anaangukia kati ya miligramu 150 na 300, kwa hiyo vidonge viwili vya miligramu 125 mara moja kwa siku vinaingia humo. Wa kilo 25 ni kati ya 250 na 500. Kuanzia miaka 12 na watu wazima ni miligramu 500 hadi gramu 1 kwa siku, kulingana na ukubwa wa tatizo. Daktari ndiye anayechagua namba ndani ya wigo huo. Kazi yako ni kuangalia ukubwa wa kidonge ulichopewa. Kuna cha 125, cha 250 na cha 500, na boksi zinafanana. Cheti kikisema vidonge viwili na wewe mwezi wa pili ukapewa vya 500 badala ya vya 125, umemzidishia mtoto mara nne. Soma namba kwenye boksi kila unaponunua upya.

Ukisahau dozi, mpe ukikumbuka siku hiyo. Ukikumbuka kesho yake, endelea na ya kesho tu, usimpe mbili kwa pamoja.

Hatua ya 4: Pamoja na mafuta

Hapa ndipo tiba nyingi zinapoharibikia. Griseofulvini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ikikuta tumbo tupu, au chai ya rangi na kipande cha mkate, sehemu kubwa inapita na kutoka bila kuingia kwenye damu. Inahitaji chakula chenye mafuta ili ifyonzwe.

Si lazima iwe nyama. Kikombe cha maziwa yasiyoondolewa mafuta kinatosha. Vivyo hivyo nusu parachichi, karanga, mboga iliyoungwa kwa karanga, yai la kukaanga, chapati, maandazi, wali wa nazi au maharage ya nazi. Ukiwa na dozi moja kwa siku, chagua mlo ulio mzito zaidi nyumbani kwenu. Kwa familia nyingi huo ni wa jioni, na jioni ina faida nyingine: mtoto akipata kizunguzungu au usingizi, tayari yuko nyumbani.

Mtoto asiyeweza kumeza kidonge, kisage kati ya vijiko viwili, changanya unga wake na kijiko cha siagi ya karanga au uji wa maziwa, umpe mara moja. Usitie kwenye bakuli zima la uji, kwa sababu akiacha nusu bakuli ameacha nusu dozi na wewe hutajua ni kiasi gani.

Pombe haiendi na dawa hii. Kwa mtu mzima, bia moja inaweza kuleta joto la ghafla usoni, moyo kwenda mbio na kichefuchefu.

Hatua ya 5: Yajue madhara, ya kuvumilia na ya kukimbilia hospitali

Linaloongoza ni maumivu ya kichwa. Huja siku za mwanzo, na kwa wengi hupungua lenyewe tiba ikiendelea. Parasetamoli kwa dozi ya uzito wake inatosha. Kichefuchefu, tumbo kuuma na kuharisha kidogo vinafuata, na mara nyingi vinatulia dawa ikienda na chakula, au daktari akiigawa dozi ya siku mara mbili. Mtoto anaweza kuchoka, kukosa usingizi, kuona kiu, au kulalamika kwamba chakula kimebadilika ladha. Mtu mzima anayeendesha bodaboda au mashine asubiri kwanza aone dawa inavyomchukua, kwani inaweza kuleta kizunguzungu na kuchanganyikiwa kidogo.

Jua ni suala la peke yake. Ngozi ya anayemeza griseofulvini huungua upesi. Kofia pana, shati la mikono mirefu, na kivuli saa za mchana. Kwa mtoto wa shule, mwandikie mwalimu barua fupi asisimamishwe juani kwenye mstari au kwenye michezo ya adhuhuri. Kofia ya kichwani ifuliwe, nitaeleza mbele.

Sasa yale yanayomchanganya kila mtu. Siku chache baada ya kuanza dawa, baadhi ya watoto hutoka vipele vidogovidogo vinavyowasha kwenye masikio, shingoni, kifuani au mikononi. Mzazi anasema dawa imemkataa, anaitupa. Mara nyingi si dawa. Ni kinga ya mwili inayoshtuka kwa mabaki ya fangasi wanaokufa, na inatulia huku tiba ikiendelea. Mtoto wa namna hii anacheza, anakula, hana homa, hana vidonda mdomoni. Mpeleke akaonwe, lakini usiache dawa kwa uamuzi wako.

Acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya:

- malengelenge, ngozi kuchubuka, au vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri
- uso, midomo au ulimi kuvimba, au pumzi kuwa ngumu
- weupe wa macho kugeuka njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kutapika kusikokoma au maumivu upande wa kulia juu ya tumbo
- homa na koo vinavyorudi au visivyopona, maana dawa inaweza kushusha chembe nyeupe za damu
- ganzi au kuchomachoma kwenye vidole vya mikono na miguu

Kwa ngozi nyeusi vipele vya mzio si lazima vionekane vyekundu. Huweza kuwa vya zambarau au vyeusi kuliko ngozi ya pembeni, kwa hiyo pitisha kiganja na usikie ukwaru wake. Na macho yaangalie mchana dirishani. Taa ya njano ya usiku huficha manjano.

Madhara haya makubwa ni machache, na watoto wengi wanamaliza tiba bila kuyaona. Lakini tiba ikivuka wiki 8, ni haki yako kuomba vipimo vya ini na vya wingi wa damu.

Hatua ya 6: Usiache baka linapoanza kujaa

Griseofulvini haiwaui fangasi moja kwa moja. Inajishika kwenye keratini, ile protini inayojenga unywele, na kuwazuia fangasi wasigawanyike. Unywele unaoota sasa unaota ukiwa na kinga. Ule wa zamani wenye fangasi lazima usukumwe juu, ukatwe au udondoke. Nywele za kichwani huota kama sentimita moja kwa mwezi, na hakuna dawa ya kuzikimbiza.

Kwa hiyo tegemea wiki 6 kwa uchache, wengine 8, wengine hadi 12. Wiki ya tatu au ya nne kuwashwa kunaisha, magamba yanapungua, vinyweleo vinachungulia. Hapo ndipo pakiti inapoachwa juu ya kabati, na mwezi mmoja baadaye baka limerudi palepale. Panga kumrudisha mtoto kliniki mwishoni mwa wiki ya nne, kisha anapokaribia kumaliza. Dawa inasimama pale magamba yameisha, hakuna nywele zilizokatika, na mpya zimeota pote. Mpigie picha ya kichwa kwa simu siku ya kwanza, pembe ileile, uwe unalinganisha. Jicho la mzazi anayemwona mtoto kila siku linazoea.

Ikiwa wiki 8 zimepita, dozi ni sahihi kwa kilo zake, mafuta yalikuwepo, na bado hakuna nafuu, kuna uwezekano aina ya fangasi inahitaji dawa nyingine. Terbinafini hufanya kazi vizuri zaidi kwa fangasi wa jamii ya Trichophyton, wakati griseofulvini ina nguvu zaidi kwa Microsporum. Daktari anaweza kubadilisha. Usibadilishe kwa vidonge vya ketokonazoli. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza vidonge hivyo viondolewe sokoni kwa ajili ya fangasi, kwa sababu ya kuharibu ini, na Marekani mwaka huohuo ikavibana. Shampuu ya ketokonazoli ni jambo tofauti, hiyo haina tatizo hilo.

Watu wazima wanaoandikiwa griseofulvini kwa ajili ya kucha wajiandae kwa safari ndefu: miezi 6 au zaidi kwa kucha za mikono, mwaka na kuendelea kwa za miguu. Kwa kucha, mimi ningeuliza kwanza kuhusu terbinafini.

Hatua ya 7: Nyumbani, saluni na shuleni

Kidonge kinamtibu mtoto, hakitibu kitana. Punguza nywele zake ziwe fupi. Muoshe kwa shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu sulfaidi mara mbili kwa wiki, povu likae dakika 5 kabla ya kusuuza. Shampuu haiponyi peke yake, ila inapunguza mbegu za fangasi anazowaambukiza wenzake. Kagua vichwa vya watoto wote wa nyumba, na wa kina mama na bibi pia, hasa wanaolala naye kitanda kimoja. Mtu anaweza kubeba fangasi kichwani bila baka.

Kila mtoto awe na kitana, taulo, kofia au mtandio wake. Vitana viloweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji, mashuka, foronya na kofia zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Kwa kinyozi, mwambie ukweli na umwombe awe wa mwisho siku hiyo ili mashine isafishwe baada yake, au ununue mashine ndogo ya nyumbani. Vinyozi wengi hawakasiriki ukiwaambia kwa utulivu. Wanakasirika wakigundua wenyewe.

Shule asikatazwe. Akishaanza dawa na shampuu anaweza kuendelea na masomo, ila asibadilishane kofia na wenzake.

Na visipakwe kichwani: mafuta ya taa, maji ya betri, dawa ya mende. Ngozi inaungua, fangasi wanabaki. Krimu za mchanganyiko zenye betamethazoni au klobetasoli, dawa za jamii ya steroidi, nazo ziachwe. Zinaondoa muwasho kwa siku mbili tatu, mzazi anafurahi, kumbe steroidi imeituliza kinga ya ngozi na fangasi wanasambaa chini kwa chini wakiwa na sura ambayo hata daktari atashindwa kuitambua.

Kama mtoto amepona na kurudiwa, na vichwa vyote nyumbani ni safi, mwangalie paka. Paka wadogo na watoto wa mbwa hubeba Microsporum canis, wakati mwingine wakiwa na kipara kidogo tu sikioni au puani, na wengine hawana dalili yoyote. Anayelala na paka kitandani atameza griseofulvini mwaka mzima mpaka paka naye apelekwe kwa daktari wa mifugo.